Kifua Kilichonyamaza

Hamjambo, akina mama na akina baba mlioleta watoto kliniki leo. Mimi naitwa Syokau, binti ya Mutiso, wa kutoka Masii. Nimeombwa niwaeleze nilivyougua moyo na nilivyopona. Mzee mmoja wa kanisa letu aliponisikia nikijiandaa alinishauri niache habari za wivu, ati hazimjengi mtu. Namheshimu katika mengi, lakini hapo hapana. Nikiutoa wivu, hakuna kitakachobaki cha kusimulia. Ugonjwa wangu na wivu wangu vilikua pamoja, na mmoja ulisaidia kumfukuza mwenzake.

Katika boma letu tulikuwa Syokau watatu. Sisi Wakamba, binti wa kwanza wa mwanamume hupewa jina la mama yake huyo mwanamume. Bibi yetu, tuliyemwita susu, alikuwa na wana wawili, baba yangu Mutiso na baba mdogo Kioko, na kila mmoja alimzalia mama yake Syokau, mwaka uleule. Wakubwa walituita Syokau wa Mutiso na Syokau wa Kioko. Watoto wa majirani walikuwa na njia fupi zaidi. Yeye alikuwa Syokau mzima. Mimi nilikuwa Syokau mgonjwa.

Nilizaliwa na tundu moyoni. Mama husema nilipokuwa nikinyonya nilitoka jasho la kichwa mpaka leso ikalowa. Nilinyonya kidogo, nikahema, nikanyonya tena, kisha nikalala kwa uchovu kabla sijashiba. Kila mvua ilinipata na kikohozi. Nikipumua, mbavu zilivutwa ndani hadi unaweza kuzihesabu. Katika hospitali ya misheni, muuguzi alinisikiliza kifua kwa muda mrefu, akamwambia mama, “Huyu yuko na mlio kwa moyo. Ni tundu. Mengine huziba yenyewe mtoto akikua. Uwe unamleta.”

Mlio wenyewe haukuhitaji hata chombo cha daktari. Ukiweka kiganja kifuani mwangu, upande wa kushoto, ulisikia mtetemo, kama paka anayekoroma karibu na moto. Susu alifanya hivyo kila jioni. Aliweka jembe lake nyuma ya mlango, akanawa mikono, akaja kunishika kifua. “Paka yuko,” alisema. Halafu ndipo alipokaa kula.

Sasa nije kwa huyo mwenzangu. Syokau wa Kioko alikuwa na miguu. Najua kila mtu ana miguu, lakini yake ilifanya kazi. Alishuka mtoni na kupanda, akaruka kamba, akapanda miti ya mapera, akakimbizana na mbuzi kwenye matuta ya shamba mpaka magoti yakawa meupe kwa vumbi. Mimi nilikaa kwenye kigoda mlangoni na kumtazama. Nilionea wivu kila kitu chake. Hata alipochapwa kwa kuacha mbuzi waingie kwenye kunde za jirani, nilimwonea wivu. Mimi hakuna aliyenichapa. Nilimwaga maziwa makusudi nione kama mama atanichapa, akanipa kitambaa na kuniambia nipumzike.

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho yeye hakuwa nacho. Susu hakulala peke yake. Mjukuu wa jina lake ndiye aliyelala naye, na kati ya wajukuu wawili wa jina lake, alinichagua mimi. Nyumba yake ilikuwa ndiyo jiko. Mafiga yalikuwa katikati, kitanda ukutani, na moto haukuzimwa kabisa, kwa sababu kila mtu aliamini kwamba mtoto wa kifua anatakiwa joto. Nililala hapo, macho yakiniwasha kwa moshi, susu akinisimulia habari za fisi na sungura, na nilijua kwamba katika nyumba ya mabati kule mbele kuna mtu anayetamani kuwa mahali pangu. Hilo lilinifanya nilale vizuri.

Nilipoingia darasa la pili, paka alianza kupunguza sauti. Susu ndiye aliyegundua. Alinishika kifua, akangoja, akasogeza mkono, akangoja tena. “Anaenda,” akasema. Baada ya miezi kadhaa ilikuwa vigumu kumsikia. Mama alinipeleka misheni. Muuguzi, safari hii mwingine, alisikiliza haraka, maana foleni ilikuwa mpaka nje, akasema, “Mlio umepungua sana. Huenda tundu linaziba.” Mama alirudi nyumbani akiimba barabarani.

Tulitoa shukrani kanisani. Baba alichinja mbuzi. Mimi nilishonewa gauni la manjano lenye mikono ya puto, nikasimama mbele ya watu wote, na kwaya ikaimba kwa ajili yangu. Nilipotazama chini nilimwona Syokau wa Kioko kwenye benchi na sketi yake ya shule, akiangalia gauni langu bila kupepesa. Siku hiyo yeye ndiye aliyeona wivu. Nilishiba kabla ya nyama kuletwa.

Mtu aliyepona huchota maji, kwa hiyo na mimi nilipewa kamtungi kangu. Kwetu wakati wa kiangazi mto ni mchanga mtupu. Unachimba shimo, unangoja maji yajae, unachota kwa kibuyu, kisha unapanda kilima mtungi ukiwa mgongoni na mkanda kichwani. Nilishuka vizuri. Kupanda ndiko kulikonishinda. Nilihisi kama mtu amenikalia kifuani. Moyo ulipiga mpaka kwenye masikio. Niliona vinyota, nikakaa chini, nikatapika uji wa asubuhi. Syokau wa Kioko alifikisha mtungi wake nyumbani, akarudi akachukua wangu, kisha akarudi tena kunishika mkono.

“Usiniguse,” nilimwambia.

“Umekula zambarau?” akaniuliza.

“Zambarau gani, na hakuna mvua?”

“Basi midomo yako iko na nini?”

Alikimbia mbele kuwaambia wakubwa. Waliponitazama waliona kucha na midomo imekuwa rangi ya zambarau kweli. Nilipopumzika ikarudi kawaida, nao wakasema ni jua. Lakini ilitokea tena, na tena. Miguu ikaanza kuvimba jioni. Usingizini nilihema kama niliyekimbia. Mama alinirudisha misheni, na daktari aliyekuwepo alichukua muda. “Ni kweli mlio umepungua,” alimwambia mama. “Lakini mtoto amezidiwa. Haya mawili hayapatani. Mpelekeni Nairobi kwa daktari wa moyo wa watoto, na msikawie.”

Tulipokuwa tukijiandaa, susu akaleta neno lake. “Jina langu haliendi Nairobi nusu,” alisema. “Wakienda, waende wote wawili.” Baba alijaribu kumweleza kwamba mgonjwa ni mmoja. Susu akamtazama tu, na baba mdogo Kioko akaenda kumpigia mtoto wake viatu rangi. Kwa hiyo hata ugonjwa wangu nililazimika kugawana na yeye. Njia nzima sikumsemesha.

Daktari wa Nairobi alikuwa mama mwembamba aliyevaa sweta chini ya koti jeupe. Chumba chake kilikuwa na giza kidogo, kitanda, na mashine yenye kioo kama televisheni. Alinifunga mkanda mkononi, ule unaobana, akaupima msukumo wa damu. Hapo sikulalamika. Alipopaka kifuani mafuta fulani mazito, baridi kama tumbo la chura, nikapiga kelele. Nilimpiga teke. Nikalia mpaka nikakohoa, na midomo ikabadilika.

Akaacha. Akamwambia mama, “Huyu akilia hivi siwezi kumpima. Kile ninachotafuta ni nguvu ambayo damu inasukumwa nayo kwenye mishipa ya mapafu. Mtoto akilia, nguvu hiyo inapanda. Nitapima kilio, sio ugonjwa.”

“Si umpime kwa huo mkanda?” mama akauliza.

“Mkanda unafika mkononi. Mapafu hayana mahali pa kufunga mkanda. Kuna njia ya kupitisha mrija kwa mshipa wa paja mpaka moyoni, lakini kwa mtoto dhaifu naogopa. Hii ni ya mawimbi ya sauti. Haichomi, haikati. Inataka tu atulie.”

Nikaendelea kulia. Daktari akatazama kwenye kona, akamwona mwenzangu amekaa na viatu vyake vinavyong’aa. “Wewe unaitwa nani?”

“Syokau.”

Daktari akaangalia jina langu kwenye karatasi, akamwangalia mama, akacheka. “Basi Syokau, kuja tumwonyeshe Syokau kwamba haiumi.”

Alilala kitandani pangu. Alipopakwa mafuta alicheka kwa sababu yalimtekenya. Daktari akaweka kile kifaa, na kwenye kioo moyo ukatokea. Sijawahi kuusahau. Ulikuwa ukifunguka na kufungika, umegawanyika vyumba, na ukuta wa katikati ulikuwa mzima kuanzia juu hadi chini. Daktari akabonyeza kitu, rangi zikaingia, nyekundu na bluu, kila moja ikipita njia yake bila kugusa nyingine. “Moyo safi,” daktari akasema. “Mzuri sana.”

Nilinyamaza kulia. Nimewahi kuonea wivu nguo, nikaonea wivu miguu, lakini kumwonea mtu wivu mpaka ndani ya kifua chake, hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Alikuwa amelala pale kwenye kitanda changu, mbele ya daktari wangu, katika safari yangu, na bado alikuwa na moyo mzuri sana. Nilimshika mguu nikamvuta.

“Toka. Ni zamu yangu.”

“Utalia,” akasema.

“Silii. Nitalala kimya kuliko wewe.”

Nikalala. Mafuta yalikuwa baridi vilevile. Niligeuza macho nikamtazama yeye, naye akanitazama, akingoja nitikisike. Sikutikisika. Daktari alisogeza kifaa chake polepole, akabonyeza hapa na pale, mashine ikatoa sauti ya upepo, fuu, fuu, fuu, na mimi nikalala kama gogo kwa sababu ya hasira. Hadi leo daktari huyo nikikutana naye huniambia hakuwahi kupata mtoto mtulivu kama mimi. Hakujua sababu yake.

Alipomaliza alimwonyesha mama ukuta wa moyo wangu. Palikuwa na pengo, na rangi zilipita humo. Alieleza taratibu, na mama alinisimulia mara nyingi, ndiyo maana nayakumbuka maneno yenyewe.

“Upande huu wa moyo una nguvu nyingi, huu una nguvu kidogo. Kukiwa na tundu, damu inaruka kutoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa mnyonge, kwa kasi. Ile kasi ndiyo inayofanya mlio. Mimi napima kasi hiyo. Ikiwa kubwa, najua upande wa mapafu bado ni mnyonge, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Kwa mtoto wako kasi imepungua. Nikichukua msukumo wa mkono, nikatoa ule wa kwenye tundu, kinachobaki ndicho kilichoko mapafuni. Na kilichobaki ni kikubwa.”

“Lakini mlio umeisha,” mama akasema. “Tulitoa shukrani.”

“Mama, mlio unaweza kuisha kwa sababu mbili. Tundu likiziba, unaisha. Na pande mbili zikikaribia kulingana nguvu, pia unaisha, kwa sababu damu haina haraka tena ya kupita. Sikio haliwezi kujua ni ipi. Mkono pia hauwezi.”

Mama alikaa chini sakafuni.

Daktari akasema lililobaki. Tundu lingeweza kufungwa kwa upasuaji, lakini tu ikiwa msukumo wa mapafu ungeshuka. Ukilingana kabisa na ule wa mwili, mishipa inakuwa imegeuka migumu, na hapo ukifunga tundu unamuua mtoto. Alinivalisha kifaa cha hewa ya oksijeni usoni, akangoja, akapima tena. Kasi ikaongezeka kidogo. “Mishipa bado inalegea,” alisema. “Kuna nafasi. Anaishi wapi? Analala wapi?”

Mama alimwambia kuhusu jiko la susu, moto na kitanda. Daktari alifunga macho kidogo. “Mmekuwa mkimpa moshi kila siku mkifikiri ni joto. Mtoeni humo. Mpeni hizi dawa bila kukosa. Mnirudishie baada ya mvua, nipime tena. Kipimo hicho ndicho kitakachoamua.”

Basi maisha yangu yakawa yanangoja kipimo. Nililetwa kwenye nyumba ya mabati, nikapewa kitanda cha Syokau wa Kioko. Na kwa kuwa susu hakulala peke yake, nadhani mnajua ni nani aliyeenda kulala jikoni.

Nilikuwa na kitanda chake, blanketi lake na dirisha lake. Yeye alikuwa na susu. Jioni nilisikia vicheko kutoka kule, nikajua fisi wa hadithi amefika kisimani. Nilijua kila neno la hadithi ile, na ilikuwa ikisimuliwa mtu mwingine. Asubuhi alikuja akinuka moshi, naye alijua kwamba nanusa. “Susu ananikuna mgongo,” aliniambia. Nilitaka kumuuma. Nawaambia ukweli, nilimwonea wivu mtu kwa moshi uliokuwa ukiniua.

Dawa zilikuwa chungu. Moja ilinikojoza mpaka mwalimu akaniweka kiti karibu na mlango. Nyingine ilinitia kichefuchefu. Kuna watoto wanaotapika dawa zao nyuma ya nyumba, nawajua. Mimi nilizimeza zote. Mama alifikiri ni utii. Nilikuwa nikimeza nikimtazama Syokau wa Kioko akishuka mtoni, na kila kidonge nilikimeza kwa ajili ya ule mtungi. Nilikula ndengu, nikala maini aliyoleta baba kutoka sokoni, nikala hata mboga ya kunde niliyoichukia. Nilisema nitapona nimshinde. Sikuwa na wazo lingine kichwani.

Miguu iliacha kuvimba. Kikohozi kikapungua. Halafu Jumapili moja susu alitoka kanisani, akaja kunishika kifua kama zamani, akaruka nyuma.

“Paka amerudi.”

Mama aliweka mkono wake. Mtetemo ulikuwa pale, mkali kuliko nilivyoukumbuka. Mama akaanza kulia kwa furaha, akaingia ndani kukanda unga wa chapati. Susu alimfuata mpaka mlangoni. “Unapika chapati na ugonjwa umerudi?”

“Daktari alisema hivyo ndivyo tunavyotaka. Damu inaruka tena. Mapafu yamelegea.”

“Mimi nimezaa na kulea,” susu akasema. “Sijaona ugonjwa unaopona kwa kurudi.” Alienda jikoni kwake akakataa chapati. Alikaa akiomboleza siku nzima, mama akiimba upande wa pili wa boma, na sisi Syokau wawili tukila chapati tusijue tushike upande gani.

Tulirudi Nairobi mvua zilipokwisha, sote wawili, maana jina bado halikuruhusiwa kwenda nusu. Sikungoja kuambiwa. Nilipanda kitandani mwenyewe, nikavua blauzi, nikamtazama mwenzangu na kulala. Sauti ya mashine ilikuwa tofauti. Mara ya kwanza ilikuwa upepo wa kawaida. Safari hii ilikuwa kama mtu anayepuliza filimbi iliyopasuka. Daktari alipima, akapima tena, akafunga mkanda mkononi tena kuhakikisha. Kisha akazima mashine, akamshika mama bega. “Msukumo wa mapafu umeshuka. Tunaweza kufunga tundu.”

Halafu akamgeukia mwenzangu, aliyekuwa amekohoa mara kadhaa akiwa pale kwenye kona. “Na huyu analala wapi siku hizi?” Mama alipomweleza, daktari alikasirika sana. Alisema hakuna mtoto wa kulala jikoni, mgonjwa au mzima, na wala mzee. Tuliporudi, baba na baba mdogo walijenga jiko lingine kando, wakatoboa dirisha kwenye nyumba ya susu. Susu akalalamika kuhusu baridi kwa mwaka mzima.

Upasuaji sitauremba. Walinipasua katikati ya kifua, wakakata mfupa, wakashona kiraka moyoni. Nilipoamka nilikuwa na mrija kooni, siwezi kusema, na mirija mingine ikitoka chini ya mbavu ikimwaga maji mekundu kwenye chupa. Kiu niliyoisikia sijaisikia tena. Walinilowesha midomo kwa pamba. Kukohoa kulikuwa kama kupasuliwa upya, na muuguzi alinipa mto niukumbatie kila nikikohoa. Nililia nikimtaka mama, nikimtaka susu, na siku moja, mama ni shahidi, nililia nikimtaka Syokau wa Kioko. Kidonda kiliwasha, kikatoa usaha kidogo upande wa chini, kikasafishwa, kikapona. Hadi leo kovu langu liko hapa, linaanzia chini ya koo.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wazazi wangu na wote waliochanga na kuomba. Namshukuru yule daktari wa sweta, aliyekataa kupima kilio. Na nyinyi mlio na watoto kama mimi, ombi langu ni hili. Msipokee ukimya wa kifua kama habari njema mpaka mashine iseme. Msimfungie mtoto kwenye moshi mkidhani mnamtunza. Kipimo chenyewe hakiumi, ni baridi tu, na mtoto akiogopa, mtafute mwenzake alale kwanza. Na mkimwona mtoto mgonjwa ana wivu na mzima, msimkemee sana. Anataka kitu, na mtoto anayetaka kitu humeza dawa.

Nimalizie na susu. Niliporudi nyumbani kutoka hospitali alinawa mikono, akaniwekea kiganja kando ya kovu, taratibu. Alingoja muda mrefu. Hakukuwa na kitu.

“Kimya,” alisema. Nilidhani atafurahi. Alikaa kwenye kigoda na kushika kichwa. “Nani ataniambia hiki sio kile kimya kingine?”

Mama alimweleza. Baba alimsomea karatasi ya hospitali. Hakukubali, na mimi simlaumu, maana mkono wake ulikuwa umemdanganya mara moja na hakutaka kudanganywa tena. Alingoja. Alingoja mpaka daktari aliposema mfupa umeshikana na naruhusiwa kukimbia. Asubuhi iliyofuata alituita sote wawili, akatupa mitungi midogo, sawa kabisa.

“Nendeni mtoni. Mimi nakaa hapa juu. Nataka kuona nani anafika kwanza.”

Tulishuka tukitembea, tukachimba, tukajaza. Kisha tukaanza kupanda. Nilipanda, jamani. Nilifika pale nilipotapika zamani, nikapita. Nilifika kwenye matuta, nikapita. Moyo ulipiga kwa nguvu lakini ulikaa mahali pake. Mbele yangu niliona visigino vya Syokau wa Kioko, karibu, karibu zaidi, na katika mita za mwisho akaongeza mwendo na kuniacha. Alifika akaweka mtungi miguuni pa susu kabla yangu.

Nilitupa wangu chini, maji yakamwagika yote. Nililia kwa hasira, nikapiga ardhi teke. Nilisema amenidanganya, mtungi wake haukujaa, viatu vyake ni vipya, apimwe tena. Nilimwonea wivu mpaka meno yakaniuma.

Susu hakujali machozi. Alinishika kidevu, akageuza uso wangu juani. Akaangalia midomo. Akachukua mikono yangu akaangalia kucha, moja moja. Kisha akaweka kiganja kwenye kifua changu na kingine kwenye kifua cha mwenzangu, kwa pamoja, akafumba macho. Sote tulikuwa tukihema.

“Sasa siwatofautishi,” akasema. Akanitazama. “Umepona. Umeshindwa kama mtu mzima. Kwanza umemwaga maji yangu, rudi ukachote mengine.”

Nikarudi mtoni nikilia. Nilimshinda Syokau wa Kioko kabla ya mvua za vuli. Yeye mpaka leo husema alijikwaa.